Re: Aruba wiki moja, nyumba ya taimshea: jiko na manunuzi

Salaam jamani,
Tunakwenda Aruba, kisiwa cha Karibi, watu watano, wiki moja, taimshea (nyumba ya likizo ya kugawana kwa zamu za wiki) ya upande wa Eagle Beach. Jiko ni kamili: friji, oveni, plate nne. Tubebe nini, na kipi tununue hukohuko? Birika la umeme na sufuria ya umeme ya wali viingie sandukuni?
Mama Watoto, Manchester

---

Mama Watoto, waalaykum salaam. Vyote viwili viache nyumbani. Umeme wa Aruba ni volti 127 na soketi ni za Kimarekani. Kifaa cha kupasha moto cha volti 230 hakiungui pale, kinalegea tu: birika la wati 2,000 linabaki na kama 600. Chai utaipata, ila utaisubiri. Wali ndio utakaokutia aibu, maana punje zinakaa kwenye maji ya vuguvugu, zinavimba kabla ya kuiva, na mwisho wake ni bokoboko. Chaja za simu hazina neno. Soma maandishi ya nyuma, ukiona 100–240 beba adapta tu.

Maji ya chupa usinunue. Ya bomba yanatokana na bahari, yanasafishwa kwenye kiwanda cha Balashi, na ni salama kunywa. Kwa kuwa kisiwa ni cha joto, bomba la baridi hutoa maji ya uvuguvugu. Jaza jagi usiku uliweke kwenye friji.

Bei za rafuni ni za florin, pesa ya Aruba. Kiwango rasmi ni florin 1.79 kwa dola moja, lakini kaunta nyingi hukata chini kidogo. Gawa kwa 1.75 kichwani: kitu cha florin 14 ni dola 8. Ukilipa dola taslimu, chenji inarudi kwa florin, na ndani yake utakuta sarafu ya mraba ya senti 50, wenyewe wanaiita yotin. Zitumie kabla ya kuondoka, kwani ukishatoka kisiwani hakuna wa kukubadilishia. Ukilipa kwa kadi na mashine ikauliza unataka kukatwa kwa pauni au kwa florin, chagua florin.
Rotterdam

---

Naongezea ya sokoni. Supamaketi kubwa zilizo karibu na nyie ni Super Food, upande wa Bubali, na Ling & Sons, Oranjestad. Super Food ina vitu vingi vya Kiholanzi. Zamu nyingi za taimshea huanza Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi jioni magari na mikokoteni vinabanana. Siku hiyo chukueni vya kulala navyo tu: mkate, mayai, maziwa, chai, sukari. Manunuzi ya wiki yaacheni hadi Jumatatu asubuhi. Beba vikapu, mifuko ya plastiki ya kutupa ilipigwa marufuku mwaka 2017. Teksi hazina mita, nauli imepangwa na serikali, lakini uliza kabla hujafunga mlango.

Chakula karibu chote kinaingia kwa meli na ndege, maana ardhi ni kavu. Mboga za majani ni ghali na hunyauka upesi, chagueni kabichi na karoti. Mbaazi za kopo zipo tele, zimeandikwa gandules, na tui la kopo lipo pia.

Sasa ugali. Waaruba wana wao, unaitwa funchi, wa unga wa njano. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachukua pakiti ya P.A.N. kwa sababu picha ni ya mahindi. Ule unga umeshapikwa kiwandani, ni wa arepa, vimkate vya mahindi. Ukiumwaga kwenye maji yanayochemka unafanya mabonge, nje ulimbo, ndani mkavu. Tafuta pakiti ya unga wa mahindi wa kawaida, wa funchi. Maji vikombe 4, unga vikombe 2 na nusu. Koroga uji kwanza kwa kikombe kimoja cha unga uliovurugwa kwenye maji baridi, uache utokote dakika 5, kwa sababu chenga zake ni kubwa kuliko za sembe yetu. Kisha songa.
Den Haag

---

Mimi siungi mkono kwenda mikono mitupu. Iliki, bizari na mdalasini bebeni vijiko viwiliviwili vya kila kimoja. Kununua kichupa kizima kwa pilau moja ni hasara. Kabla ya kununua chumvi na mafuta, ulizeni mapokezi: baadhi ya hoteli zina meza ambapo wanaoondoka huacha vilivyobaki. Mafuta ya kujikinga na jua angalieni yasiwe na kemikali ya oxybenzone, hayaruhusiwi kule.

Na kabla ya kurudi, nunueni jibini la Gouda lililofungwa bila hewa. Bei nzuri kuliko huku.
Boston

---

Boston, ushauri wa jibini ni wa kwenu. Ukaguzi wa Marekani hufanyika palepale uwanja wa ndege wa Aruba, na jibini gumu linapita, mradi ulitaje; nyama na matunda ndivyo vinavyobaki. Uingereza hairuhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka huko, na jibini limo. Mama Watoto, lileni hukohuko.
Rotterdam