Tupeane uzoefu: siku uliyokwama ukitembeza wageni, Malindi hadi Lamu

Kaka Majengo
Habari za jioni wanajamvi. Leo nimepigiwa simu na wazazi wa mke wangu kutoka Kakamega. Wanakuja Malindi Desemba, mara yao ya kwanza kuona bahari, na baba mkwe keshasema anataka kuonyeshwa "mambo ya Vasco da Gama", yule baharia Mreno. Nilipokata simu nikakumbuka siku nilipompeleka bosi wangu wa zamani Gede, kwenye magofu ya mji wa kale. Kima alishuka akamnyang'anya ndizi, bosi akarudi kinyumenyume akimtazama kima, akaingia kwenye shimo la choo cha enzi za masultani. Kikavu, alhamdulillahi, na kina chake hakikupita magoti. Lakini kazini sikukaa sana baada ya hapo.

Wewe ulikwama wapi? Semeni nijue pa kuwapeleka wakwe na pa kuwaepusha.

Samli Moto
Hahaha, choo cha masultani! Wale kima wana vyeo kuliko walinzi.

Mtoto wa Gede
Msiwasingizie kima, ninyi ndio mnaowalisha halafu mnashangaa. Ukiingia na mfuko unaopiga kelele umemwita mwenyewe. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, sijui mnaitoa wapi.

Mimi nimezaliwa hapo kijijini. Nilipokuwa na miaka 14 nilijifanya mtembezaji, nikamshika Mjerumani mmoja langoni. Kiingereza changu cha darasa la saba, chake hafifu zaidi. Tukafika kwenye Nyumba ya Mkasi. Nikamwambia hapa alikaa fundi cherehani wa sultani, alikuwa anashona kanzu za watu wote. Akaandika daftarini. Nyumba iliyofuata nikampa mfanyabiashara, nyingine nikampa mganga. Akaandika. Kumbe zile nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani, wakati Kirkman, mwanaakiolojia, na vibarua wake walipofukua kati ya 1948 na 1958. Mkasi uliokotwa tu, fundi nilimleta mimi. Hadi leo naogopa kuna kitabu mahali huko Ujerumani kina yule fundi wangu.

Wakwe wapeleke Gede, Kaka, usiogope. Wapeleke asubuhi mapema, kabla ya mabasi ya wanafunzi. Wasimamishe penye kisima cha karibu na msikiti mkuu, wainame watazame chini. Maji yaliposhuka watu walifukua zaidi, yakashuka tena, wakafukua tena. Mwisho wakahama.

Ticha wa Historia
Maji ni sababu mojawapo tu. Kuna uvamizi wa Wagalla (Waoromo) kutoka kaskazini, na Wareno waliovuruga biashara yote ya mwambao. Mji ule ulikuwa hai 1399, kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria lipo pale, na kufikia karne ya 17 umebaki pori. Usimwambie mzee wa watu ni kisima peke yake. Tangu 2024 Gede ni urithi wa dunia wa UNESCO, tuseme mambo sawasawa.

Mtoto wa Gede
Ticha, mimi nimeteka maji kijiji hicho. Wewe umesoma.

Utingo wa Mambrui
Nguzo ya Vasco nakuonya. Nilimpeleka shangazi yangu kutoka Machakos, kwa boda, jua la saa saba. Tukafika pale kwenye rasi. Nguzo nyeupe, msalaba juu, upepo, mawimbi, basi. Shangazi akaizunguka mara moja akaniuliza, "Ndiyo hii?" Nikasema ndiyo hii. Akaizunguka tena upande wa pili, labda kuna mlango.

Ticha wa Historia
Kwa sababu hukumwambia anachotazama! Ule msalaba ni wa jiwe lililotoka Ureno. Vasco alifika Malindi Aprili 1498, Mombasa wamemkaribisha vibaya. Mfalme wa Malindi, mwenye ugomvi wake na Mombasa, akampokea na kumpa rubani. Wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, tarehe 20 Mei wako Calicut, India. Siku ishirini na kitu bahari yote ile!

Mzee Foromali
Rubani mwenyewe Ahmad ibn Majid, Mwarabu wa Omani. Mtaje jina.

Ticha wa Historia
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo si kweli. Waandishi wa Kireno wenyewe wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. Ibn Majid amebandikwa baadaye kwa kuwa ndiye maarufu.

Mzee Foromali
Marahaba. Mimi nimesafiri kwa jahazi hadi Maskati kabla hujazaliwa, na huko wote wanasema Ibn Majid.

Ticha wa Historia
Wanaosema wengi hawageuzi kilichoandikwa.

Utingo wa Mambrui
Nendeni mkagombane faragha. Hata huyo rubani alikuwa anaenda na upepo tu, kusi ya Aprili ingempeleka hata mbuzi.

Mzee Foromali
Mbuzi hafiki Calicut, kijana.

Bi Harusi wa Zamani
Nimeisoma mada hii nikikaanga samaki, nimezima jiko. Ngojeni niseme kitu sijakisema miaka kumi na moja.

Nilikuwa nimechumbiwa. Mimi wa Malindi, yeye wa Lamu, Langoni. Mama yake akasema kabla ya arusi tutoke tukajuane, twende Takwa, magofu ya kisiwa cha Manda. Tulikuwa tisa chomboni: mama mkwe, mawifi wawili, watoto wanne, mimi, na kijana mwenye mashua, ndevu hazijaota vizuri. Mchumba alikuwa kazini Mombasa.

Mwezi ulikuwa mpevu. Mnaoijua Takwa mnajua mashua inapita mkono wa bahari katikati ya mikoko, na njia ile ina maji pale tu bahari inapojaa. Tuliingia saa tisa alasiri, maji yanatusukuma yenyewe, raha tupu. Kijana akaniambia, saa kumi na moja tuwe chomboni. Mama mkwe hakusikia, alikuwa mbele anawashika watoto wasirukie majini.

Tukazunguka. Kwenye ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla mama mkwe alisimama akasoma dua, kisha akanishika mkono akanieleza kwamba watu wa Shela asili yao ni hapa, visima viliposhika chumvi wakavuka. Alikuwa mzuri kwangu siku hiyo, mjue. Saa kumi na moja kijana akaja kuninong'oneza: "Dada, maji yashaanza kurudi." Mimi nina simu mpya, nataka picha ya jua likizama nyuma ya magofu nimpelekee mchumba. Nikamjibu, "Subiri kidogo, mama ni mtu mzima, mwache apumzike." Nikamfanya mama wa watu ngao! Mama mwenyewe alikuwa amesimama, hana uchovu wowote. Kijana akaja mara ya pili. Nikampa shilingi mia mbili. Akanyamaza.

Tulipotoka jua lishazama. Hatukufika mbali. Mashua ikagusa, ikakwaruza, ikalala ubavu polepole kama ng'ombe. Maji yakatutoka chini tukiyaangalia, likabaki tope jeusi na mizizi ya mikoko, na kaa wanatatarika kila upande kama mafuta kikaangoni. Kijana akashuka kusukuma, akazama hadi mapajani. Mama mkwe naye akajaribu kushuka arudi nchi kavu, tope likamvua kiatu kimoja. Hakikuonekana tena. Akapanda, akajifunga buibui vizuri, akauliza kwa sauti ya chini: "Maji yarudi saa ngapi?"

"Saa nane usiku, mama. Au nane na nusu."

Maji ya kunywa tulikuwa na chupa moja kubwa, watu tisa. Mahamri watoto walishayamaliza. Mbu sisemi. Simu yangu, hiyo hiyo ya picha, ilibaki na chaji asilimia nne. Nikampigia mchumba, nikasema "Tumekwama Takwa, mama yako..." ikazima. Hapo hapo kwenye "mama yako". Kule Mombasa akapigia nusu ya Lamu. Alfajiri tulipofika gatini watu walijaa kama siku ya mashindano ya mashua.

Lakini si hilo ninalotaka kusema. Usiku kucha mama mkwe alimsema yule kijana. Mzembe, hujui bahari, mwana wa nani wewe, nani kakupa chombo. Kijana alinitazama mara moja tu. Mwezi ulikuwa mweupe, niliuona uso wake wote. Hakusema neno. Na mimi sikusema.

Hakulipwa. Baadaye nikasikia mwenye mashua alimnyang'anya kazi. Arusi yangu ilifanyika. Mama mkwe huisimulia safari ile kila Maulidi watu wakijaa nyumbani, na kila mwaka kijana anazidi kuwa mjinga.

Samli Moto
Chai yangu imepoa.

Dada wa Mtwapa
Miaka kumi na moja? Na mia mbili?

Mwana Shela
Wallahi yeo umenishika. Picha ni jambo dogo, dada. Kule kunyamaa ndiko kubaya.

Mzee Foromali
Mimi sikubali. Mwenye chombo ndiye mwenye neno. Nahodha hasemi "dada, maji yanarudi" kwa kunong'ona. Anafungua kamba, anapiga ukelele, anayebaki abaki. Kosa la kijana.

Dada wa Mtwapa
Mzee, mtoto wa miaka kumi na nane ampigie ukelele mchumba wa watu, mbele ya mama mkwe wake? Lamu? Kamba hukatikia pembamba, ndiyo maana ikamkatikia yeye.

Mzee Foromali
Ndiyo maana hakuwa nahodha bado.

Utingo wa Mambrui
Mtumie pesa kwa M-Pesa, nauli ya siku ile na riba ya miaka 11. Kisha mwambie mama mkwe mbele ya wageni, siku ya Maulidi.

Samli Moto
Usithubutu! Utarudishwa Malindi na begi lako. Mnunulie mama viatu vizuri, nyamaza, maisha yaendelee.

Ticha wa Historia
Mwambie mume kwanza.

Dada wa Mtwapa
Mume ndiye wa mwisho kuambiwa. Ticha umeoa kweli wewe?

Kaka Majengo
Jamani. Wakwe zangu wanafika tarehe 20. Nimeuliza nguzo au Gede.

Mwana wa Marafa
Hakuna aliyetaja Nyari, bonde letu la Marafa? Wageni huiita jiko la Jehanamu, sisi Wagiriama Nyari, pahali palipovunjika penyewe. Wazee wanasema palikuwa na familia tajiri iliyooga maziwa, Mungu akakasirika akawazamisha, ndiyo ile rangi nyeupe na nyekundu ukutani. Mvua na upepo vimechonga mchanga ule, najua, Ticha usiniandikie. Nilimpeleka rafiki kutoka Nairobi saa sita mchana, akashuka bondeni mbio, kupanda ikamshinda. Tulimkokota wanne. Twendeni saa kumi na moja jioni, jua likilala ukuta wote unawaka. Sio saa sita.

Utingo wa Mambrui
Mpeleke Mambrui ukiwa njiani. Kaburi la nguzo limepachikwa bakuli za Kichina. Halafu mwambie baba mkwe kuwa Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, 1415. Atamsahau huyo Vasco.

Mtoto wa Gede
Mashua ya kioo, hifadhi ya bahari ya Malindi. Ipo tangu 1968. Desemba ni kaskazi, bahari imetulia, unaona samaki mpaka magamba. Ila mvua zikichelewa kukatika mto Sabaki unamwaga udongo na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ulizia siku mbili kabla.

Samli Moto
Usiwapeleke watu wa Kakamega chomboni siku ya kwanza. Tafadhali.

Mwana wa Marafa
Wapeleke siku ya kwanza, kabla hawajasimuliwa.

Kaka Majengo
Malipo ni vipi? Na kitambulisho?

Mtoto wa Gede
Beba kitambulisho cha kila mtu, mwananchi halipi sawa na mgeni. Malipo ni ya simu, kwa hiyo chaji simu. Tumeshajifunza kwa dada yetu.

Mzee Foromali
Na anayetaka Takwa ahesabu mwezi, asiulize watu mitandaoni. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa, yanajaa saa kumi na kitu jioni, yanakauka saa nne. Kila siku inayofuata ongeza karibu saa moja, pungufu kidogo. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo alikuwa anayajua yule kijana. Nasema tena, alikuwa anayajua.

Dada wa Mtwapa
Kwa hiyo mzee umegeuka?

Mzee Foromali
Sijageuka. Nimesema alikuwa anayajua.

Bi Harusi wa Zamani
Nambari yake ninayo tangu juzi, nilipewa na wifi mdogo. Nimeandika ujumbe mara tatu nikafuta.

Mwana Shela
Piga. Usiandike.

Samli Moto
Dada upo?

Utingo wa Mambrui
Amepotea. Mama mkwe kaisoma mada.

Bi Harusi wa Zamani
Nimepiga. Ana boda yake mwenyewe, Mokowe, ana watoto watatu. Nilianza kulia kabla sijajitaja, akanijua. Kitu cha kwanza alichoniuliza, ile picha ya jua ilitoka vizuri?

Dada wa Mtwapa
Ukamjibuje?

Bi Harusi wa Zamani
Nikamwambia ukweli. Ilitoka na kidole changu.

Kaka Majengo
Basi Takwa siendi. Naanzia Gede. Ndizi naacha nyumbani.