Mrejesho: Imani baada ya kuhudumia majeruhi wa tetemeko

Nilipowauliza ninyi namna mhudumu wa afya anavyoweza kuendelea kumwamini Mungu baada ya tetemeko la ardhi, nilikuwa nimetoka kuwapanga majeruhi kwa kadi za rangi: nyekundu kwa anayehitaji kuokolewa mara moja, njano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa anayetembea, na nyeusi kwa aliyefariki au asiyeweza kuokolewa kwa uwezo uliopo. Nyeusi ndiyo iliyonivunja moyo.

Wengi mlinishauri nisisali peke yangu, na mmoja wenu akanikumbusha kwamba mwenye kadi nyeusi, maadamu anapumua, bado ni mgonjwa wetu. Sasa, hali ikiruhusu, tunampa dawa ya maumivu, tunamfunika, tunamtafutia mtu wa kumshika mkono, kisha tunampima tena, kwa kuwa rangi hubadilika vifaa na watu wakiongezeka.

Tumaini nililipata pia katika kazi yenyewe. Aliyebanwa na kifusi kwa saa nyingi anaweza kufa punde anapotolewa, kwa sababu potasiamu (madini yaliyo ndani ya misuli) na sumu kutoka kwenye misuli iliyopondeka huingia katika damu na kudhuru moyo na figo; hivyo tulimwekea mama mmoja dripu ya maji ya chumvi akiwa bado chini ya zege, huku mwenzangu akimwombea kwa sauti. Mama huyo yu hai, na figo zake zinafanya kazi.

Maswali yangu hayajaisha, ila sasa ninamuuliza Mungu mwenyewe, pamoja na wenzangu wa zamu. Asanteni sana.