Tupeane uzoefu: kampuni ilipoyumba, bosi wenu alifanya nini?

Mchapaji

Habari zenu wakuu.

Mada za uongozi zinazoandikwa na watu ambao mshahara wao haujawahi kuchelewa hata siku moja ni nyingi. Leo naomba tuwasikie waliokuwa chini. Mambo yalipokuwa magumu kazini kwenu, iwe ukata, kupunguzwa watu, ugonjwa au mteja mkubwa kuondoka, aliyekuwa anawaongoza alifanya nini mkaendelea kuamka asubuhi na kwenda? Au alifanya nini akawavuruga kabisa? Nadharia tuziache. Leta kilichokukuta.

Naanza mimi. Nilikuwa kwenye kiwanda cha uchapaji, watu kama 40. Mteja aliyekuwa anatupa karibu nusu ya kazi akahamia kwingine, mshahara ukaanza kuja nusu nusu. Meneja wetu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya, ila aliingiwa na woga, na dawa ya woga wake ikawa kufunga mlango. Mlango wenyewe ulikuwa na kioo. Wiki ya pili akabandika kalenda ya mwaka uliopita kwenye kile kioo, kwa ndani, tusimwone. Hapo ndipo tulipoanza kupiga ramli. Gari lake halipo: kampuni imeuzwa. Fundi wa mashine hajaitwa: mashine zinauzwa. Mama wa uhasibu kapita macho mekundu: tumekwisha. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku tano, maana kila mtu yuko kwenye simu anatafuta pa kukimbilia. Waliopata mapema ni mafundi wazuri, kama kawaida.

Meneja akaondolewa, akakaimu yule yule mama wa uhasibu. Siku ya kwanza alibandua ile kalenda. Kisha kila Jumatatu saa mbili asubuhi alisimama kando ya mashine ya kukatia karatasi, imezimwa, na kipande cha karatasi chenye mistari mitatu: fedha tuliyonayo, tunachodaiwa, na nani atalipwa kiasi gani lini. Dakika kumi, kwisha. Ukimuuliza jambo asilolijua anasema, "Hilo sijui, nitajua Alhamisi." Na Alhamisi anakuja. Mara nyingine alikuja kutuambia bado hajajua. Mtacheka, lakini kule kuja mikono mitupu ndiko kulikotufanya tumwamini.

Hotuba ya kututia moyo hakutupa hata moja. Zamu yenu.

Nesi wa Usiku

Asante mkuu kwa mada. Mimi nazungumzia 2020, kipindi cha corona, wodi ya wagonjwa wa kupumua kwa shida.

Matroni wetu alikuwa na daftari lake la zamu, si la kompyuta, daftari. Usiku mbaya zaidi wa wiki tulikuwa tunaujua, na jina la kwanza kwenye usiku huo lilikuwa lake. Hakutangaza. Tuliliona tu limeandikwa. Sasa wewe ambaye ulikuwa umejiandaa kulalamika kwamba umepangiwa tena unabaki mdomo wazi.

La pili ndilo ninalolikumbuka zaidi. Alikuwa anasikiliza tunavyoongea. Siku moja nilimwambia mwenzangu, "Namba saba bado, namba tisa amekwisha." Matroni akanivuta kando, akaniuliza namba saba anaitwa nani. Nikakosa. Hakunigombeza. Alinitoa wodini siku mbili, akaniweka stoo ya vifaa, kuhesabu glovu. Wakati ule niliona kama ananiadhibu. Baadaye nikaja kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza uchovu uliopitiliza wa kazini kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi hakuna unachofanikisha. Ile ya pili ndiyo aliyoisikia mdomoni mwangu, hata kabla sijajijua.

Uongozi wa juu, kwa upande wao, ulitutumia vyeti vya "mashujaa". Changu sijui kiko wapi. Tulichokuwa tunaomba ni barakoa za kutosha na mtu wa kutupokea zamu kwa wakati.

Mbeba Mzigo

Mimi niwe mkweli tu. Ghalani kwetu mauzo yaliposhuka walitununulia meza ya mpira na fulana zilizoandikwa "Sisi ni familia moja". Wiki mbili baadaye wamepunguza watu 12. Hadi leo nikisikia bosi anasema neno familia natafuta mlango uko wapi. Mimi familia yangu haijawahi kuniandikia barua ya kunishukuru kwa mchango wangu na kunitakia kila la heri.

Fulana ninayo, naoshea pikipiki.

Meneja wa Zamani

Mbeba Mzigo, umenichekesha na kuniumiza kwa pamoja, maana mimi nilikuwa upande wa wanaoandika hizo barua. Naomba niseme la kwangu, na mkinishambulia nitavumilia.

Niliambiwa niondoe nafasi sita kati ya watu 22. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepewa cheo, sijui hata pa kuanzia. Nikasubiri Ijumaa saa kumi na moja jioni, nikatuma barua pepe, nikazima simu. Nilijiambia nawapa wikiendi ya kutulia. Uongo. Nilikuwa najipa wikiendi mimi.

Jumatatu nilikuta meza sita tupu, na kwenye mojawapo kikombe cha mwenyewe bado kipo. Hakuna aliyekigusa. Kilikaa pale wiki tatu. Waliobaki walikuwa wanakizunguka kama kaburi. Kwenye mikutano nikiuliza "kuna swali?" kimya. Nikitaka watu wajitolee kwa jambo, kimya. Nilidhani wanahofia nafasi zao, na kweli walikuwa wanahofia, lakini kulikuwa na zaidi ya hofu. Walikuwa wameona nilivyowatendea wenzao, wakapiga hesabu kwamba siku yao ikifika nitawatendea vile vile. Ile timu sikuipata tena.

Mara ya pili iliponikuta, sehemu nyingine, niliwaita mmoja mmoja, asubuhi, kabla tetesi hazijazunguka. Nilisema kigezo ni nini na nani aliamua, na kwamba mimi ni miongoni mwa walioamua, sikujificha nyuma ya "uongozi". Waliotaka kubaki hadi mwisho wa wiki kuagana na wenzao walibaki. Nilipiga simu mwenyewe kwa watu ninaofahamiana nao kuwaombea nafasi, wawili wakapata. Haikuwa nzuri, hili halina namna ya kuwa zuri. Lakini Jumatatu iliyofuata watu waliuliza maswali.

Nyongeza: kuna kampuni ya Marekani, Barry-Wehmiller, ya kutengeneza mitambo. Mwaka 2009 oda zilipoporomoka waliamua badala ya kupunguza watu, kila mtu kuanzia mkuu wao Bob Chapman achukue wiki nne za likizo bila malipo. Wakatokea wafanyakazi waliochukua wiki za wenzao waliokuwa na hali ngumu zaidi. Nililipeleka wazo hilo kikaoni kwetu. Nani alilipinga? Mfanya usafi. Alisimama akasema, "Mwezi wa bosi bila mshahara ni mwezi wa kujibana. Wangu mimi ni mwezi wa kufukuzwa nyumba." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo hiyo. Tukapanga upya: wa juu wakatwe zaidi, wa kati kidogo, wa chini wasiguswe. Wakurugenzi wawili walinuna hadi mwaka ukaisha.

Msoma Historia

Habari ya mfanya usafi imenikumbusha wale wachimbaji 33 wa Chile waliofukiwa mgodini Agosti 2010, kama mita 700 chini. Siku 17 za mwanzo hakuna aliyejua kama wako hai. Chakula cha akiba kilikuwa kidogo mno, wakawa wanagawana vijiko viwili vya samaki wa kopo kila baada ya saa 48. Msimamizi wao wa zamu, Luis Urzúa, alihakikisha mgao unakuwa sawa kwa kila mtu, na mambo makubwa waliyaamua kwa kura. Walipotolewa, Oktoba 13, yeye alipanda wa mwisho. Mimi huwa nampima bosi kwa hilo: mgao ukipungua, yeye anachota wa ngapi?

Mbeba Mzigo

Mkuu, mfano mzuri ila mgodini hakuna pa kwenda. Ofisini mlango uko wazi, na bosi ndiye mwenye gari.

Msoma Historia

Hapo umenipata.

Mtu wa Programu

Mimi nina mabosi wawili wa kulinganisha, na wote niliwapata kipindi cha presha, wawekezaji wanatishia kuondoka, sisi tunalala saa nne kwa siku.

Wa kwanza, kosa likitokea mfumo ukaanguka, asubuhi kwenye kikao anakusimamisha. "Waeleze wenzako ulichofanya." Unasimama kama mtoto wa shule. Matokeo yake tukawa mafundi wa kuficha. Ukiharibu unarekebisha kimyakimya usiku, unafuta na kumbukumbu. Ripoti zake zilikuwa safi kweli kweli, hadi siku mfumo ulipogoma kabisa na hakuna aliyejua umefungwafungwa wapi.

Wa pili. Nilifuta data ya mteja saa tisa usiku. Si kwa makusudi, nilidhani niko kwenye mfumo wa majaribio. Mikono ilikufa ganzi. Nikampigia. Kwanza akauliza, "Umelala saa ngapi leo?" Nikasema sijalala. Akasema, "Toa mikono kwenye kompyuta, nakuja hewani." Tukarejesha karibu data yote hadi saa moja asubuhi. Ripoti aliyoandika haikuwa na jina langu. Ilisema mfumo wa majaribio na mfumo wenyewe vina rangi moja kwenye skrini, na mtu aliyekuwa zamu alikuwa amefanya kazi saa 19. Siku hiyo hiyo mfumo halisi ukapewa ukanda mwekundu juu. Wiki ile watu watatu walijitokeza wenyewe kusema makosa yao ya zamani, mawili yalikuwa mabomu yanayosubiri kulipuka.

Nesi wa Usiku

Hii inalingana na ya wodini. Kuna mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alifuatilia makosa ya kutoa dawa hospitalini. Alitarajia timu zinazoelewana ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume, zilikuwa na mengi zaidi. Alipochimba akaona kwamba hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema. Kwenye timu za woga makosa yalikuwa yanabaki kwa mgonjwa.

Meneja wa Zamani

Mtu wa Programu, swali la "umelala saa ngapi" nimeliandika pembeni. Ila nina dukuduku. Bosi wa namna hiyo naye analala saa ngapi? Nimeona wengi wanabeba timu mgongoni mwaka mzima halafu wao ndio wanaanguka, na anayekuja badala yao anarudisha kalenda kwenye kioo.

Mtu wa Programu

Kweli mkuu. Aliacha kazi miezi minane baadaye. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Hata mimi sikumuuliza.

Nesi wa Usiku

Matroni wetu alikuwa na njia yake. Jumapili mchana alizima simu, daftari analimwachia mmoja wetu, kwa zamu. Ulikuwa unaona jinsi kupanga watu kulivyo kugumu, ukirudi kwenye kulalamika unalalamika kwa adabu.

Mbeba Mzigo

Mchapaji, hujamalizia yako. Mama wa mistari mitatu, kampuni ilipona?

Mchapaji

Haikupona. Ilifungwa baada ya miezi 14. Mteja hakurudi, na karatasi ilipanda bei. Sipendi hadithi zinazosema ukiwa bosi mwema kampuni inapona, si kweli. Alitutangazia miezi miwili kabla, Jumatatu, pale pale kwenye mashine ya kukatia, mistari mitatu kama kawaida, ila wa tatu ulikuwa na tarehe ya mwisho ya kila mtu. Hakuna aliyeondoka kabla ya tarehe yake, hata wawili waliokuwa tayari wamepata kazi kwingine. Oda ya mwisho tuliifunga vifurushi hadi usiku, naye akiwa anashika kamba.

Mbeba Mzigo

Hayo yote sawa. Mlilipwa?

Mchapaji

Tulilipwa, mafungu mawili. La mwisho lilichelewa siku nne. Alinipigia siku moja kabla kuniambia litachelewa.