Mashua ni moja, tanga ni moja: mbona wananiacha nikienda joshi?

Kijana wa Lang'ata

Hamjambo nyote. Naishi Lang'ata, si mbali na Bwawa la Nairobi, ambapo wazee hutuambia watu walikuwa wakishindana kwa matanga kabla gugumaji na taka hazijalifunika. Siku hizi mwenye hamu ya matanga inabidi ateremke Naivasha, nami huenda wikendi. Mimi na rafiki zangu wawili tumenunua Laser iliyokwishatumika, ile mashua ndogo ya mtu mmoja. Haina ufa wala haivuji.

Sasa, tukianza pamoja na wenye Laser kama yetu, tukifika boya la kwanza wako mbele sana, na baadhi yao ni wa umri wa baba yangu. Ninaachwa zaidi tunapokwenda joshi, yaani kule upepo unakotoka. Ukitupiga kutoka nyuma, tunakwenda karibu sawa. Nimeweka akiba kidogo. Ninunue tanga jipya, au shida ni mimi? Nina kilo 64, kama hilo lina maana.

Fundi wa Ngara

Nunua tanga. Kitambaa kikizeeka kinatanuka, tumbo la tanga linarudi nyuma, na mashua haiwezi tena kuukaribia upepo. Mimi nashona maturubai, kitambaa kilichochoka nakijua nikikishika tu.

Msukani wa Pangani

Mwanangu, hiyo akiba usiiguse kwanza. Fundi amesema kweli kuhusu tanga kuukuu, lakini soma tena ulichoandika mwenyewe: upepo wa nyuma mnakwenda sawa. Mashua ikiwa nzito au imechafuka chini, unaachwa kila upande. Anayeachwa kwenye joshi peke yake, kwanza nauangalia mkono wake.

Mimi ni mtu wa Matondoni, Lamu. Pangani hii ya Nairobi nimeletwa na kazi, si ile Pangani ya mtoni Tanzania. Kwetu mashua zinaundwa ufukweni, na hakuna anayedharau umbo. Anayetaka mashua ya mashindano humwambia fundi mapema, naye atainyoosha omo, yaani sehemu ya mbele, na kuipunguzia uzito wa mbao. Shindano likikaribia, maji yakitoka mashua inalazwa mchangani, inasuguliwa chini mpaka ukipitisha kiganja hukwaruzwi na kitu, kisha inapakwa deheni ya chokaa na mafuta. Kazi yote hiyo ni ya chombo. Lakini siku ya mashindano swali linalozunguka pale gatini ni moja tu: usukani kashika nani?

Nikueleze wanachomwangalia. Mashua inapokwenda joshi, vijana wanatoka nje kwenye ubao upande wa upepo, ili isilale. Upepo ukizidi wanasogea nje, ukipungua wanarudi ndani, na nahodha hajasema neno. Mkono wake juu ya usukani hutikisika kidogo sana. Usukani ukigeuzwa unakinza maji, na kila unapokinza maji unapunguza mwendo. Mwenye mkono mzuri anaipeleka mashua kwa tanga na kwa uzito wa watu, usukani unafuata tu.

Kwenye Laser yako, mabaharia wote ni wewe. Mashua ikilala, usukani unavuta, unauvuta nawe kwa nguvu, na huku chombo kinateleza kando badala ya kwenda mbele. Kwa hiyo ingiza miguu kwenye ule mkanda wa sakafuni, toa mwili nje, mlingoti usimame. Upepo mkali unauona kabla haujakufikia: maji yanakuwa meusi na kukunjamana. Ukikaribia, tayari uwe nje. Unapokupiga, legeza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, kidogo, isimamishe mashua, kisha vuta tena. Hapo nguvu yote inakwenda mbele, na utaisikia mashua inachomoka chini yako.

Mwalimu Kasarani

Nafundisha fizikia, na naunga mkono hoja ya Msukani, lakini chombo nacho kina kikomo chake. Mashua inayopasua maji inazalisha mawimbi, na kadiri inavyoongeza mwendo wimbi lake linarefuka. Wimbi likifikia urefu wa mashua yenyewe, mashua inanasa kati ya vilele viwili na ingebidi ipande wimbi ililolitengeneza. Kwa makadirio, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mashua pale maji yanapoikata, kwa mita, kisha zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Laser ina mita 3.81 hapo, kwa hiyo inapata karibu 8.8. Mashua ya Lamu yenye mita 9 inapata 13.5. Ndiyo maana chombo kirefu kinampita mfupi hata nahodha wake akiwa wa kawaida.

Kuna njia za kukikwepa kikomo hicho. Laser ni nyepesi, mwili mtupu ni kama kilo 59, na nyuma ni bapa. Upepo ukiwa wa kutosha inainuka na kuteleza juu ya maji. Ngalawa nayo ni nyembamba mno hata wimbi lake ni dogo. Na waliokwenda mbali kabisa walifanyia huku kwetu Afrika: Novemba 2012, Walvis Bay nchini Namibia, Paul Larsen aliendesha Vestas Sailrocket 2 kwa wastani wa kilomita 121 kwa saa katika mita 500, na upepo wenyewe haukufika nusu ya kasi hiyo. Kasi ile, hata nahodha bora wa dunia angepewa jahazi la mizigo, asingeifikia.

Jambo jingine: Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, na nguvu ya upepo kwenye tanga inapungua hivyo hivyo. Tanga lako kubwa la mita 7.06 za mraba, huko linasukuma kama tanga la chini kidogo ya mita 6 pwani. Kwa kilo 64 hilo linakusaidia. Ukishuka Mombasa, kwenye mashua hiyo hiyo funga lile tanga dogo la 5.76.

Kijana wa Lang'ata

Asanteni sana. Mwalimu, hilo la hewa sikulijua kabisa. Mzee Msukani, naelewa habari ya kutoa mwili nje, lakini wale wazee hawatoki nje kunishinda mimi. Wengine wamekaa tu. Wanapitaje?

Msukani wa Pangani

Umeuliza penyewe. Wanapita kwa sababu wanasafiri mita chache kuliko wewe.

Ziwa lile limezungukwa na milima, upepo wake haukai mahali pamoja. Unageuka kidogo kulia, kidogo kushoto, mchana kutwa. Unapobisha kuelekea boya, yaani kwenda joshi kwa kupinda huku na huku, tazama omo. Ukiona upepo unakulazimisha kuielekeza mbali na boya, geuka upande wa pili mara moja: upepo unaokutupa upande huu, upande ule unakupeleka karibu. Wazee wanageuka hapo hapo. Kijana anaendelea na njia yake mpaka aone amefika ukingoni mwa mafunjo. Mashua zinakwenda kasi ile ile, mmoja anafika kabla.

La pili ni demani. Wengi mnavuta mpaka tanga linakuwa gumu kama ubao, mkidhani kukaza ndiyo nguvu. Legeza mpaka ukingo wa mbele uanze kupigapiga, kisha vuta mpaka uache tu, basi. Bandika nyuzi mbili za sufu, moja kila upande wa tanga, karibu na mlingoti. Zote zikilala kuelekea nyuma, uko sawa. Wa upande wako ukicheza, umeukaribia upepo mno. Wa upande wa pili ukining'inia, umekaza mno au umeuacha upepo. Uzi ni shilingi chache hapo River Road.

Na kila mara inua ule ubao wa katikati uangalie kama gugumaji limenasa. Naivasha linanasa sana, na shada moja tu linatosha kukurudisha nyuma.

Kuhusu tanga jipya, usibishane na mimi wala na Fundi. Jumapili mwombe mmoja wa wale wazee mbadilishane mashua kwa mzunguko mmoja. Mpe yako kama ilivyo, na tanga lako kuukuu. Akikuacha tena, tumia hiyo akiba kwa nauli ya Naivasha. Akibaki nyuma nawe ukiwa kwenye yake, mpigie Fundi.