Tupeane uzoefu: ulifanyaje hadi ukaacha kuyaona maisha kwa jicho la giza?

Wakuu, habari zenu. Naanza mimi, nanyi mfuate.

Baada ya kupunguzwa kazini nilikaa karibu miaka miwili nikiamka na kuhesabu hasara kabla sijatia mguu chini. Simu ikiita, najua ni baya. Mtoto akikohoa, kichwani nishafika wodini. Nikialikwa harusi nawaza watakavyoniuliza, "Siku hizi uko wapi?"

Watu wakaniambia niwaze chanya. Nilijaribu kweli. Asubuhi nasimama mbele ya kioo, nasema mimi ni mshindi, mimi ni mshindi, na sauti ya ndani inajibu palepale: mshindi wa nini? Siku ya nne nikaacha, mnyonge kuliko nilivyoanza. Baadaye sana nikasoma kuwa hilo limechunguzwa. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake huko Kanada walionyesha kwamba mtu anayejidharau akirudia maneno ya kujisifu anaweza kujisikia vibaya zaidi. Nilipata nafuu kusoma vile, maana nilidhani hata kuwaza chanya kumenishinda.

Kilichonivusha ni daftari. Mshauri nasaha aliniambia kila usiku niandike mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na mbele ya kila moja niandike kwa nini. Zoezi hilo mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walilipima, wakachapisha matokeo mwaka 2005: watu walilifanya kwa wiki moja, na miezi sita baadaye bado dalili zao za huzuni zilikuwa zimepungua, hasa wale walioendelea nalo kwa hiari yao.

Usiku wa kwanza nilikaa na kalamu karibu nusu saa. Mwishowe nikaandika: "Mlango wa kabati umefunga." Ulikuwa umelegea mwezi mzima, mchana ule nikaukaza skrubu. Kwa nini umefunga? "Kwa sababu nimeukaza." Niliitazama sentensi ile muda mrefu. Sikukumbuka ni lini mara ya mwisho niliandika jambo jema lenye mkono wangu ndani yake. Kwa maoni yangu dawa iko kwenye hiyo "kwa nini". Kuorodhesha tu mema, mimi hakukunisaidia.

Karibuni. Hata aliyemo shimoni bado, aseme.

FundiCherehani
Asante kwa kufungua ukurasa huu, mkuu. Mimi tatizo langu lilikuwa maneno: siku zote, kamwe, kila mtu. Mteja mmoja akirudisha gauni, nasema wateja wote hawaipendi kazi yangu. Dada yangu akachoka. Akaniambia, "Leta daftari la oda tuhesabu." Miezi miwili, nguo 41. Zilizorudi, 2. Moja ilibana kwapani, kosa langu. Nyingine mwenyewe alibadili mawazo kuhusu urefu. Tangu hapo nikijisikia kusema "siku zote" nafungua daftari kwanza. Nguo ikirudi bado naumia, lakini naumia kwa nguo hiyo tu, na kesho yake naweza kukata kitambaa bila mkono kutetemeka.

Anayeuguza
Ndugu zangu, natofautiana kidogo. Namuuguza mama, kiharusi kilimpata upande wa kulia. Kila aliyekuja aliniambia nishukuru. Nikaanza daftari la shukrani, likanifanya nijione mkosefu kila usiku nilipokosa la kuandika. Kilichonibadilisha ni usingizi. Kaka yangu alikubali kulala na mama usiku mara mbili kwa wiki. Kama wiki ya tatu hivi, nikiwa namgeuza asubuhi, nikahisi mkono wake wa kushoto unabana wangu. Mara tatu. Nikamuuliza kaka kama kwake hufanya hivyo, akasema, "Mbona hufanya kila siku, tangu mwanzo." Nilikuwa pale kila siku na sikuwahi kuhisi. Kwa hiyo ukimwona mtu anaona giza, kabla hujamshauri muulize analala saa ngapi.

Mpita_Njia
Simu yangu inalala sebuleni. Habari za misiba na vita nasoma mchana, mara moja. Hilo tu, na limenisaidia sana.

Nimerudi
Naomba niongeze moja kwa upendo. Mwaka mzima nilijilaumu kwamba nina mtazamo hasi, kumbe ni sonona. Hamu ya kila nilichokipenda ilikufa, nalala kwa muda wa saa kumi na bado naamka nimechoka. Wataalamu huanza kuitilia maanani hali ya namna hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2. Mimi nilingoja miezi kumi na moja. Dawa na vikao vya mazungumzo ndivyo vilivyonitoa, na daftari lilianza kufaa baada ya hapo. Mwenye mawazo ya kujidhuru asingoje hata kesho, amwambie mtu leo na aende hospitali.

Mwanzisha mada
Ndugu Nimerudi, asante sana kwa hilo, lilipaswa kuwa juu kabisa. Anayeuguza, habari ya mkono imenikaa moyoni tangu jana. Mama anaendeleaje?

Anayeuguza
Ameanza kuliita jina langu. Silabi ya kwanza tu, ila anaita.