Mdogo wangu ni shoto na anaenda JKT, shabaha atalengaje?

Wakuu, habari za muda huu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, kapangiwa kambi ya JKT kwa mujibu wa sheria. Kwata na mchakamchaka havimtishi. Kinachomnyima usingizi ni bunduki, maana ni shoto kabisa.

SMG, yaani bunduki ya aina ya AK-47, imeundwa kwa mtu wa kulia. Mkono wa kukokia (kishikio cha kuvuta ili risasi iingie) uko kulia, maganda yanarukia kulia, na kile kibati cha usalama nacho kiko kulia: juu imefungwa, katikati risasi mfululizo, chini mojamoja. Akiweka kitako bega la kushoto, kugusa usalama itabidi mkono wa mbele uachie silaha. Akiweka bega la kulia, tatizo ni jicho. Nilimpima kwa tundu la karatasi, jicho lake kuu, yaani linalotawala kulenga, ni la kushoto.

Sasa mliopita huko: maafande wanamruhusu kuruta shoto alenge kwa kushoto, au wote mnageuzwa kulia? Na aseme mapema darasani au asubiri siku ya shabaha?

Lingine, nimeshaanza kumkaririsha kwamba kabla ya kusafisha, magazini itoke kwanza ndipo akoke na kuchungulia chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa). Akianza kukoka magazini ikiwa ndani, anapakia risasi nyingine mwenyewe. Niendelee, au nimwache afundishwe upya? Najua wapo maafande wasiopenda kuruta mjuaji.

Shoto wenzake hasa, naomba mnijibu.