Fonti ya pikseli kwa gemu ya Kiswahili: Press Start 2P, VT323 au Silkscreen?

kanvasi160
Wadau habari za jioni. Natengeneza gemu ndogo ya simu, skrini nimeiweka upana wa pikseli 160 kama Game Boy ya zamani, maandishi yote Kiswahili. Nimeanza na Press Start 2P maana ndo ile sura ya gemu za kampuni ya Namco za miaka ya 80, naipenda sana, lakini "BONYEZA KITUFE KUANZA" inakatika, naona KUANZ halafu A imepotelea nje. Nikishusha saizi hadi 7 inaingia ila inakuwa na ukungu, haisomeki. Nihamie VT323 au Silkscreen?

mama_pikseli
Usiende 7 kaka. Hiyo fonti kila herufi imechorwa kwenye visanduku 8 kwa 8, inakaa vizuri kwenye 8, 16, 24 basi, ukitoka hapo kisanduku kimoja kinaangukia katikati ya pikseli mbili za skrini, programu inajaza kijivu, ndo huo ukungu unaouona. Afu piga hesabu, ukijumlisha na nafasi una herufi 21, mara 8 ni 168. Umezidi herufi moja tu! Andika BONYEZA KUANZA, ni 14, pikseli 112, zinabaki 24 kila upande.

nukta_tupu
Mi ningeenda Silkscreen, ile ya Jason Kottke ya 1999. Haigawi nafasi sawa kwa kila herufi, I inakula kidogo kuliko M, sentensi yako ya mwanzo inaingia yote bila kukata neno. Kwa Kiswahili hilo ni jambo kubwa, maneno yetu marefu, GAME OVER ni herufi 9 ila MCHEZO UMEKWISHA ni 16. Ubaya wake ni herufi kubwa tupu, hadithi ndefu inachosha macho.

fundi_bango
Kwa hadithi weka VT323, Peter Hull kaitoa kwenye maandishi ya VT320, zile skrini za zamani za kampuni ya DEC za kuunganishwa na kompyuta kubwa, nyembamba na herufi ndogo zake zinasomeka vizuri mno. Mi kwenye mabango natumia Press Start kwa kichwa cha habari tu, ukiikuza visanduku vinabaki vimenyooka.

mama_pikseli
Kingine, angalia ng'. Kwenye Press Start ile alama ya juu inapewa kisanduku kizima, NG'OMBE inaonekana kama maneno mawili. Mi naisogeza OMBE yote kwa mkono pikseli 4 kushoto.

kanvasi160
Dah nimejaribu sasa hivi, BONYEZA KUANZA imekaa katikati safi kabisa kwenye 8. Nabaki na Press Start kwa vichwa, VT323 kwa mazungumzo. Na ng'ombe yumo kwenye gemu kweli, asante dada, naenda kumsogeza.